Uteuzi wa Masomo na Mlango wa Chuo Kikuu: Historia ya Mbotela na Mitaa ya Mashariki mwa Nairobi

Katika historia ya elimu ya Kenya, mwanafunzi hajawahi kuingia chuo kikuu kwa alama za juu peke yake. Ameingia pia kwa masomo aliyoyateua miaka kadhaa kabla ya kuukabili mtihani, kwa kuwa kila kitivo kina masharti yake, na anayetamani udaktari bila kemia, au uhandisi bila fizikia, hukuta mlango umefungwa hata kama wastani wake unawashinda wenzake wengi. Uteuzi wa masomo, yaani uamuzi wa kuendelea na masomo fulani na kuyaacha mengine, ndiyo hatua ambapo ndoto ya mtoto, uwezo wa mzazi, vifaa vya shule na mipango ya serikali hukutana. Makala haya yanafuatilia historia ya uamuzi huo kwa kuutazama kutoka Mbotela, mtaa wa wafanyakazi ulio mashariki mwa Nairobi, na hoja yake kuu ni kwamba, tangu enzi za Makerere hadi leo, kila mageuzi makubwa ya mfumo wa elimu yameusogeza uamuzi huo hadi umri mdogo zaidi, huku maarifa na vifaa vinavyohitajika ili uamuzi uwe wa haki vikichelewa kuwafikia wanaovihitaji zaidi.

Mtaa na asili yake

Mbotela ni mmoja wa mitaa iliyojengwa na Baraza la Jiji la Nairobi katika miaka ya 1950, upande wa mashariki wa mji, karibu na barabara iliyoitwa Doonholm wakati huo na ambayo leo ni Barabara ya Jogoo. Jirani zake ni Makongeni, mtaa ulioanzishwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, pamoja na Kaloleni, Maringo na Jericho. Mtaa wa Mbotela ulipewa jina la Tom Mbotela, diwani wa jiji aliyepata kuwa makamu wa rais wa chama cha Kenya African Union, aliyeuawa Nairobi mnamo Novemba 1952, mwezi mmoja tu baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari, kama vile mtaa wa Ofafa ulivyopewa jina la diwani Ambrose Ofafa aliyeuawa mwaka uliofuata. Jina la Mbotela lilitoka Freretown, makazi ya watumwa waliokombolewa yaliyoanzishwa Mombasa na wamisheni wa Kianglikana katika miaka ya 1870, na ndilo jina la James Mbotela, mwandishi wa kitabu cha Uhuru wa Watumwa kilichochapishwa mwaka 1934. Kwa hiyo mtaa huu, tangu siku ya kwanza, ulibeba jina la jamii ambayo ilikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza nchini kufunguliwa njia ya maisha na elimu ya misheni.

Kujengwa kwa mitaa ya aina hii kulibadilisha maana ya kuishi mjini. Kabla ya hapo, sera ya makazi ilimhesabu Mwafrika wa Nairobi kuwa kibarua wa muda aliyeacha familia yake mashambani, na kwa sababu hiyo nyumba nyingi za wafanyakazi zilikuwa za wanaume waliogawana vyumba, zisizo na nafasi ya mke wala watoto. Mwaka 1954 kamati iliyoongozwa na Carpenter, iliyochunguza mishahara ya Waafrika, ilipendekeza malipo yanayotosha mfanyakazi kuishi mjini pamoja na familia yake, na ingawa pendekezo hilo halikutekelezwa mara moja wala kikamilifu, lilikubali jambo ambalo tayari lilikuwa likitokea, yaani kwamba watoto walikuwa wakizaliwa na kukulia Nairobi. Mtoto wa mjini hakuwa na shamba la kurithi, na mzazi aliyekuwa karani, fundi wa reli au mfanyakazi wa Eneo la Viwanda hakuwa na mali ya kumwachia. Urithi pekee aliotarajia kumpa ulikuwa cheti. Katika mazingira hayo, swali la masomo gani mtoto asome likawa swali la riziki ya familia nzima.

Enzi za Makerere na Cambridge

Mfumo wa elimu ambao kizazi cha kwanza cha Mbotela kilikutana nao haukuwa umeundwa kwa ajili ya kuwapeleka wengi chuo kikuu. Tume ya Phelps-Stokes, iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924, ilisisitiza kwamba elimu ya Mwafrika ifungamane na kilimo, afya na kazi za mikono, na mwaka huo huo serikali ikawa na chuo cha kuwafunza Waafrika ufundi huko Kabete. Alliance High School, iliyofunguliwa Kikuyu mwaka 1926, ilikuwa miongoni mwa shule chache sana zilizompeleka Mwafrika hadi elimu ya sekondari, huku shule za Wazungu, Wahindi na Waafrika zikitenganishwa kwa rangi na kupewa fedha kwa viwango visivyolingana hata kidogo.

Ripoti ya Beecher ya mwaka 1949 iliuweka mfumo wa Waafrika katika ngazi tatu za miaka minne minne, yaani shule ya msingi, shule ya kati na sekondari, na kati ya ngazi na ngazi kukawa na mtihani wa mchujo, ambao kazi yake ilikuwa kuwaondoa wengi na kuwabakiza wachache kulingana na nafasi zilizokuwapo. Mwishoni mwa mwaka wa nane ulikuwapo Mtihani wa Awali wa Waafrika wa Kenya, uliojulikana kwa kifupi kama KAPE, na aliyefaulu na kupata nafasi katika sekondari alijiandaa kwa Cheti cha Shule cha Cambridge, mtihani uliotungwa na kusahihishwa Uingereza na ambao haukumpa mtahiniwa cheti kama hakufaulu Kiingereza. Katika sekondari hizo uteuzi wa masomo ulikuwa finyu, kwa kuwa shule ndiyo iliyoamua masomo ya kufundisha kulingana na walimu iliokuwa nao, na mwanafunzi aliyafuata.

Uamuzi halisi wa kutenganisha sanaa na sayansi ulisubiri Makerere. Taasisi hiyo ya Kampala, iliyoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi na ikaunganishwa na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, iliwapokea wanafunzi wenye Cheti cha Shule na kuwasomesha kozi ya matayarisho ya miaka miwili kabla ya shahada, na ndani ya kozi hiyo ndipo mwanafunzi alipoelekea upande wa sanaa au wa sayansi. Kwa hesabu ya miaka ya darasani tangu darasa la kwanza, bila kuhesabu chekechea, uamuzi mkuu ulifanywa baada ya miaka 12, na ulifanywa na kijana aliyekuwa tayari amefika chuoni, akizungukwa na wahadhiri na wanafunzi waliomtangulia ambao angeweza kuwauliza. Waliofika hapo walikuwa wachache mno, lakini wachache hao waliamua wakiwa na habari za kutosha.

Historia ya mitaa ya mashariki ina mtu mmoja anayeunganisha mfumo huo wa wachache na shule za mtaani. Edward Carey Francis, mwanahisabati aliyefundisha Cambridge kabla ya kuja Maseno mwaka 1928, aliongoza Alliance kuanzia 1940 hadi 1962 na kuijengea sifa yake ya kufaulisha wanafunzi katika mitihani ya Cambridge. Alipostaafu uongozi huo hakurudi Uingereza, bali alikwenda kufundisha katika Shule ya Sekondari ya Pumwani, mashariki mwa Nairobi, na akaendelea na kazi hiyo hadi alipofariki mwaka 1966. Kwamba mwalimu wa aina hiyo aliona kuna kazi ya kufanya Pumwani ni ushahidi kwamba vipaji vya mitaa hii havikuwa vidogo kuliko vya shule za bweni. Kilichopungua kilikuwa walimu na nafasi.

Njia nyingine ilifunguka kwa kupitia Marekani. Mwaka 1959, Tom Mboya, ambaye alikuwa ameanza maisha yake ya kazi kama mkaguzi wa afya wa Baraza la Jiji la Nairobi kabla ya kuongoza vyama vya wafanyakazi, aliratibu safari ya ndege iliyowapeleka wanafunzi 81 katika vyuo vya Marekani, na safari nyingine zikafuata hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Vyuo vya Marekani viliwakubali vijana wenye Cheti cha Shule bila kuwataka wasome kidato cha tano na cha sita, na zaidi ya hayo, vilimruhusu mwanafunzi asome masomo mchanganyiko kwa mwaka mmoja au miwili ndipo atangaze somo lake kuu. Wakenya waliopita njia hiyo walionja mfumo ambao kosa la kuteua masomo katika umri mdogo lingeweza kurekebishwa chuoni, jambo ambalo mfumo wa Kiingereza, uliorithiwa na Kenya, haukuliruhusu kwa urahisi.

Kidato cha tano na cha sita

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 masomo ya Cheti cha Juu cha Shule, yaani kidato cha tano na cha sita, yalianza katika sekondari kubwa za Waafrika, na kazi ya kozi ya matayarisho iliyofanywa Makerere ikahamia shuleni. Wakati wa uhuru, mwaka 1963, Kenya ilikuwa na shule za sekondari 151 tu zenye wanafunzi wapatao 30,000, na tume ya Ominde, iliyotoa ripoti yake ya kwanza mwaka 1964, ilipendekeza kufutwa kwa ubaguzi wa rangi shuleni na kupanuliwa kwa sekondari ili taifa jipya lipate wataalamu wa kushika nafasi za wageni. Elimu ya msingi ikawa ya miaka saba, sekondari miaka minne, masomo ya juu miaka miwili, na chuo kikuu miaka mitatu.

Katika mfumo huu uteuzi wa masomo ulikuwa na sura iliyoeleweka. Katika kidato cha nne mwanafunzi alipimwa kwa jumla ya masomo yake sita bora, ambapo jumla ndogo ndiyo iliyokuwa bora na matokeo yalipangwa kwa madaraja, na aliyepata nafasi ya kidato cha tano alichukua masomo matatu makuu, pamoja na karatasi ya maarifa ya jumla iliyopima uwezo wa kufikiri na kujieleza. Fizikia, kemia na hisabati zilimwelekeza kwenye uhandisi; fizikia, kemia na baiolojia zikamwelekeza kwenye udaktari; historia, jiografia, fasihi na uchumi zikamwelekeza kwenye sheria, utawala na ualimu. Kima cha chini cha kuomba nafasi ya shahada kilikuwa kufaulu masomo makuu mawili. Mpangilio huo ulidumu hata jina la mtihani lilipobadilika, kwanza chini ya Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki lililoundwa mwaka 1967, kisha chini ya Baraza la Mitihani la Kitaifa la Kenya, KNEC, lililoundwa mwaka 1980. Chuo cha Nairobi nacho, kilichofunguliwa mwaka 1956 kama chuo cha ufundi cha kifalme, kilipata hadhi ya Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970 na kumwezesha mtoto wa Mbotela kufikiria chuo kikuu kilichokuwa umbali wa safari moja ya basi kutoka nyumbani kwao.

Uamuzi mkuu sasa ulifanywa baada ya miaka 11 ya darasani, mwaka mmoja mapema kuliko enzi za Makerere. Ulikuwa bado uamuzi wa kijana wa miaka 17 au 18 aliyeyasoma masomo yote kwa miaka minne na aliyejua nguvu na udhaifu wake. Hata hivyo, usawa haukuwapo. Sayansi ilihitaji maabara, na maabara ilihitaji fedha, kwa hiyo shule nyingi za harambee, yaani zile zilizojengwa kwa michango ya wananchi wenyewe, zilifundisha zaidi masomo ya sanaa kwa sababu yalihitaji ubao, chaki na vitabu tu. Madarasa ya sayansi ya kidato cha tano yalijikusanya katika shule kongwe za bweni na katika zile zilizokuwa za Wazungu na Wahindi, na mwanafunzi wa shule ya kutwa ya mtaani aliyetaka sayansi alipaswa kwanza kuwashinda wengi ili ahame mtaa wake.

Kwa wanafunzi hao wa kutwa, nafasi ya kusomea ilikuwa nusu ya vita. Nyumba za halmashauri zilikuwa ndogo, familia zilikuwa kubwa, na jioni chumba hicho hicho kilikuwa jiko, sebule na mahali pa kulala. Ndiyo sababu maktaba za Kaloleni na Makadara, ambazo ni matawi ya Maktaba ya McMillan iliyofunguliwa katikati ya jiji mwaka 1931 kwa ajili ya Wazungu peke yao, zina nafasi ya heshima katika historia hii. Katika maktaba hizo vizazi vya watahiniwa wa Mbotela, Makongeni, Kaloleni na Maringo walipata meza, mwanga na utulivu, na kwa wengi wao vitabu vya ziada vya masomo ya juu visingepatikana kwingine kokote mtaani.

Mfumo wa 8-4-4 na hesabu ya makundi

Mwaka 1981 tume iliyoongozwa na Colin Mackay, iliyopewa kazi ya kuchunguza uwezekano wa kuanzisha chuo kikuu cha pili, ilipendekeza pia mfumo mpya wa miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu. Chuo Kikuu cha Moi kikaanzishwa mwaka 1984, mfumo wa 8-4-4 ukaanza Januari 1985, na Cheti cha Elimu ya Sekondari ya Kenya, KCSE, kikafanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1989. Kidato cha tano na cha sita vikafutwa, na pamoja navyo kikatoweka kipindi cha miaka miwili ambacho kijana alikitumia kuzama katika masomo matatu aliyoyateua.

Nia ya mfumo huu ilikuwa njema, kwani ulitaka kila mhitimu awe na ufundi wa kujitegemea hata asipofika chuo kikuu, na kwa hiyo mtaala uliongezewa kilimo, sayansi ya nyumbani, useremala, ufundi wa vyuma, ujenzi, umeme na biashara. Lakini wazazi ndio walioombwa kujenga karakana na kununua vifaa, na katika mitaa ya wapangaji wa kipato cha chini mzigo huo ulikuwa mzito. Shule nyingi ziliishia kufundisha somo la ufundi moja au mawili yasiyohitaji mitambo. Watahiniwa wa mwanzo walibeba masomo kumi, idadi ambayo baadaye ilipunguzwa hadi mwanafunzi wa kawaida akawa anafanya saba au nane.

Masomo hayo yaligawanywa katika makundi matano. Kundi la kwanza lilikuwa la lazima, nalo ni Kiingereza, Kiswahili na hisabati. La pili lilikuwa la sayansi. La tatu la historia, jiografia na masomo ya dini. La nne la masomo ya ufundi, kilimo na kompyuta. Na la tano la lugha za kigeni, muziki na biashara. Kuwekwa kwa Kiswahili katika kundi la lazima kulikuwa badiliko kubwa, kwa kuwa chini ya mfumo wa awali mtahiniwa aliweza kumaliza sekondari bila kukifanyia mtihani, na sasa lugha ya mitaa ya mashariki mwa Nairobi, inayosemwa na watoto wa kila kabila tangu utotoni, ikawa na uzito katika cheti na katika masharti ya kozi nyingi za chuo kikuu zilizokubali Kiingereza au Kiswahili.

Wakati wa uteuzi ulikuwa mwisho wa kidato cha pili, yaani baada ya miaka 10 ya darasani, mwaka mmoja mapema tena. Katika wiki chache mwanafunzi wa miaka 15 au 16 aliamua kama ataendelea na sayansi zote tatu au mbili tu, na kwa kawaida somo lililoachwa lilikuwa fizikia, kwa sababu lilionekana gumu, au kwa sababu shule haikuwa na mwalimu wake, au kwa sababu msimamizi wa shule alihofia kwamba litashusha wastani wa shule nzima. Sababu ya mwisho inastahili kukemewa, maana inamhesabu mtoto kuwa tarakimu katika orodha ya shule zilizofanya vizuri. Aliyeacha fizikia akiwa kidato cha pili aliacha pia uhandisi, na mara nyingi hakuambiwa hivyo hadi alipofika kidato cha nne na kupewa fomu ya kujaza kozi.

Ukali wa uamuzi huo ulitokana na namna nafasi zilivyogawanywa. Bodi ya Pamoja ya Udahili, iliyovihudumia vyuo vikuu vya umma, na baada yake shirika la KUCCPS, lililoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, hazikutazama gredi ya wastani peke yake. Gredi ya C+ ndiyo iliyokuwa kima cha chini cha shahada, lakini baada ya hapo kila kozi ilikuwa na masomo yake manne, na alama za masomo hayo, ambapo A ina alama 12 na E ina alama moja, zilijumlishwa hadi upeo wa 48, kisha zikalinganishwa na jumla ya alama za masomo saba, ambazo upeo wake ni 84. Kwa hesabu hiyo wanafunzi wawili wenye gredi moja ya wastani waliweza kutofautiana kabisa, mmoja akaingia kitivo cha tiba na mwingine akakosa, kwa sababu tu ya masomo waliyoyateua miaka miwili nyuma. Baada ya usimamizi wa mitihani kukazwa na idadi ya watahiniwa wenye gredi ya A kushuka kutoka zaidi ya 2,600 mwaka 2015 hadi 141 mwaka 2016, kila alama ya somo moja moja ilizidi kuwa na thamani.

Hapa ndipo tofauti kati ya mtaa na mtaa ilipojionyesha. Ofafa Jericho, Aquinas na shule nyingine za mitaa ya mashariki zimetoa wahitimu wengi walioingia vyuo vikuu, na Starehe, iliyoanzishwa mwaka 1959 na Geoffrey Griffin pamoja na Joseph Gikubu na Geoffrey Geturo kwa ajili ya wavulana wasio na makao, ilipanda hadi kuwa miongoni mwa shule bora kabisa nchini. Lakini katika shule ndogo za kutwa, mtihani wa vitendo wa fizikia, kemia na baiolojia ulifanywa na wanafunzi ambao baadhi yao walikuwa wameshika vifaa vya maabara mara chache tu. Kamati ya elimu iliyoongozwa na Gachathi ilikuwa imetaka tangu mwaka 1976 kwamba ushauri na mwongozo wa taaluma uimarishwe shuleni, lakini kazi hiyo iliachiwa walimu waliokuwa na mzigo kamili wa vipindi. Mtoto ambaye mzazi wake ni daktari aliyajua masharti ya udaktari mezani pa chakula. Mtoto ambaye mzazi wake anauza nguo katika soko la Gikomba aliyategemea maneno ya mwalimu mmoja, na kama mwalimu huyo hakupata nafasi, hakuyasikia kabisa.

Waliokosea hawakukosa njia zote. Kuna waliorudia mtihani kama watahiniwa wa kibinafsi, waliosoma kozi fupi za kuziba pengo la hisabati, na waliopitia stashahada kisha wakaingia shahada wakiwa watu wazima. Njia hizo ni za heshima, lakini kila moja ilidai karo zaidi na miaka zaidi, na familia za Mbotela ndizo zilizokuwa na akiba ndogo zaidi ya vyote viwili.

Mikondo ya Gredi ya 10

Mfumo wa umilisi, ambao humpima mwanafunzi kwa kile anachoweza kufanya badala ya kile anachokumbuka tu, ulianza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019. Mtihani wa darasa la nane, KCPE, ukafanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na kufuatia kazi ya jopo la rais lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu, Gredi za 7, 8 na 9 zikawekwa ndani ya shule za msingi. Kundi la kwanza lilifanya tathmini ya mwisho wa sekondari ya chini mwaka 2025 na kuingia Gredi ya 10 Januari 2026.

Katika sekondari ya juu kuna mikondo mitatu: wa kwanza ni wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; wa pili ni wa sayansi za jamii; na wa tatu ni wa sanaa na sayansi ya michezo. Mwanafunzi huteua mkondo, kisha masomo matatu ndani yake, pamoja na masomo ya lazima, na serikali ilikadiria kwamba asilimia 60 ya wanafunzi wangefuata mkondo wa kwanza. Mpango wa awali wa kuifanya hisabati iwe ya hiari kwa mikondo miwili ulipingwa na wadau wengi, na mwaka 2025 hisabati ikarudishwa kwa wote katika viwango viwili, kimoja cha mkondo wa sayansi na kingine chepesi zaidi. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, kwa kuwa mtoto asiye na hisabati yoyote amefungiwa kozi nyingi kabla hajazijua hata kwa jina.

Mfumo huu una sifa ambazo 8-4-4 haukuwa nazo, kwani unarudisha kipindi cha kuzama katika masomo machache, sasa cha miaka mitatu, na kuvipa muziki, uchoraji na michezo hadhi ambayo vijana wa mashariki mwa Nairobi, waliolea vipaji vingi vya soka na muziki bila msaada wa shule, wameistahili kwa muda mrefu. Lakini mstari wa historia umeendelea: uamuzi mkuu sasa unafanywa katika Gredi ya 9, yaani katika mwaka wa tisa wa darasani, na mtoto wa miaka 14 au 15. Anaufanya akiwa katika shule ya msingi ambayo mara nyingi haina maabara kamili, akifundishwa na walimu wachache kuliko masomo, na akitakiwa kuchagua kwa pamoja mkondo, masomo na shule atakazozitaka, ilhali si kila shule ina mikondo yote mitatu.

Nchini Tanzania, ambako kidato cha tano na cha sita vimehifadhiwa, mwanafunzi huteua tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo matatu ya kidato cha tano, akiwa anamaliza kidato cha nne, na matokeo yakitoka hupewa nafasi ya kubadilisha alichokiteua. Utaratibu huo una funzo kwa Kenya, kwa kuwa unakiri jambo ambalo kila mzazi analijua, kwamba mtoto hujifahamu vizuri zaidi baada ya kujipima.

Hukumu ya historia

Kwa hesabu ya miaka ya darasani, uamuzi uliofanywa baada ya mwaka wa 12 katika enzi za Makerere ulifika mwaka wa 11 katika enzi za kidato cha tano, wa 10 katika 8-4-4, na wa 9 katika mfumo wa umilisi. Hakuna tume hata moja iliyotangaza nia ya kumharakisha mtoto. Kila moja ilikuwa na sababu zake nzuri, iwe ni kupata wataalamu, kupanua nafasi au kukuza vipaji. Hata hivyo, matokeo ya jumla ni kwamba uamuzi umemwendea mtoto aliye mdogo zaidi, na pale ambapo mtoto haamui kwa maarifa yake mwenyewe, hali ya nyumbani na ya shule humwamulia. Ndiyo maana haki ya mtoto wa Mbotela haiwezi kupimwa kwa usawa wa mtihani peke yake.

Mambo matatu yanawezekana bila kusubiri tume nyingine. Kwanza, masharti ya masomo ya kila kozi ya chuo kikuu yafundishwe kwa wanafunzi na wazazi wao kuanzia Gredi ya 7, kwa Kiswahili kinachoeleweka na kila mzazi wa mtaani, badala ya kusubiri siku ya kujaza fomu. Pili, maabara na walimu wa sayansi vipelekwe kwanza katika shule za msingi na za kutwa za mitaa ya wafanyakazi, kwa sababu uteuzi bila maabara ni wa jina tu. Tatu, Gredi ya 10 iwe na kipindi cha wazi cha kubadilisha mkondo bila mwanafunzi kupoteza mwaka, na vyuo vikuu viendelee kuzilinda njia za stashahada kwa waliochelewa kujijua. Wazazi, walimu na wawakilishi wa wadi za mitaa hii wasikubali mtoto ateue masomo yake kabla hajaonyeshwa milango ambayo masomo hayo yanafungua na ile yanayoifunga.